Mume wangu anaingia triathloni, na mimi nimeombwa kujitolea. Nikae kituo gani?

MamaWawili:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu na michezo hii.

Mume wangu anashiriki triathloni kwa mara ya kwanza, Jumapili ya wiki ijayo, huku Kigamboni. Ni ile fupi: kuogelea mita 750 baharini, baiskeli kilomita 20, halafu kukimbia kilomita 5. Baiskeli na mbio simhofii. Bahari ndiyo inaninyima usingizi. Huyu ni mtu wa Dodoma, kajifunza kuogelea mwaka jana akiwa na miaka 39. Siku ya kwanza kwenda kwenye kina alikunywa maji mpaka wenzake wakamtoa. Nilikuwa mchangani na mtoto mgongoni, naona mkono wake tu.

Waandaaji wanatafuta watu wa kujitolea, nikajiandikisha. Natakiwa nichague: ufukweni wanapotokea majini, eneo la baiskeli, meza ya maji au mstari wa kumalizia. Moyo unanipeleka ufukweni. Dada yangu anasema nisichukue kazi yoyote, nikamshangilie mume wangu basi. Ninyi mngefanyaje? Na nikiwa kazini, naruhusiwa kumsaidia akikwama?

Mzee wa Pedeli:
Hongera kwa shemeji. Nimeshiriki mara nne, nianze na swali lako la mwisho. Kumpa maji mezani ruksa, maana unampa kila anayepita. Kumshikia baiskeli, kumvalisha viatu au kumkimbizia tyubu akipata pancha, hapana. Huo ni msaada wa nje, na atakayeadhibiwa ni yeye, siyo wewe.

Ukipangiwa eneo la baiskeli, angalia videvu. Helmeti inafungwa kabla mtu hajaitoa baiskeli kwenye chuma inaponing'inia, na haifunguliwi mpaka airudishe. Mtu akitoka majini kichwa kinamzunguka, anasahau kabisa. Mwambie shemeji afanye mazoezi ya hilo nyumbani, hata sebuleni.

Mpiga Kasia:
Dada, mimi kwenye mashindano kama hayo hukaa majini na kayaki, kimtumbwi cha kasia, kulinda waogeleaji. Nakuomba usichague ufukweni. Mwenye mtu wake majini hutafuta kichwa kimoja tu, na wote wamevaa kofia za kufanana. Utahangaika kumtafuta usiyemwona, huku aliye mbele yako anapepesuka na hana wa kumshika mkono. Na anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Anasimama wima majini, mdomo unazama na kuibuka. Kumtambua huyo ni kazi yetu, tuachieni.

Lakini kuna jambo mwambie mumeo leo hii: kushika kayaki au boya apumzike SI KOSA, mradi asivutwe kwenda mbele. Wageni wengi hawajui. Wanadhani watatolewa mashindanoni, wanajikaza mpaka nguvu zinakwisha. Akichoka alale chali, ainue mkono, tutamfuata. Na wakati wa kuanza akae nyuma, pembeni, awaache wenye haraka watangulie. Mateke ya pale mwanzoni ndiyo humvuruga mtu pumzi.

Halafu ulizieni maji yatakuwaje saa hiyo. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, likipwa, huku kwetu unatembea mbali sana kabla maji hayajafika kiunoni.

MamaWawili:
Mpiga Kasia, Mungu akubariki. Nimemsomea hapa hapa mezani. Ameacha kula, akaniuliza, "Kwa hiyo naruhusiwa kupumzika?" Miezi yote hiyo alikuwa anadhani haruhusiwi.

Bibi Glasi:
Mimi nilikaa meza ya maji siku mwanangu anashiriki. Glasi ijae nusu, uishike kwa juu ukingoni ili yeye adake chini, na utaje ulichoshika: "Maji! Maji!" Ni kazi tamu, watu wanakushukuru kwa macho maana pumzi hawana. Ila mwanangu alipita nimeinama najaza ndoo. Mpaka leo linaniuma. Ukichagua meza, uliza wanapita mara ngapi. Kama njia ni ya kuzunguka, utamwona zaidi ya mara moja.

Baba Nuru:
Dada yako ana hoja. Mke wangu alipomaliza ya kwanza yake, mimi nilikuwa njia panda nazuia bajaji. Nilipewa habari kwa simu.

Omba kazi ya alfajiri: kuandika namba mikononi na miguuni. Inaanza saa 11, ikifika saa ya kuingia majini umemaliza, uko huru. Beba makapeni mbili, na uandike kabla hawajapaka mafuta ya jua, ngozi ikiwa kavu, la sivyo wino haushiki.

MamaWawili:
MREJESHO. Nilimsikiliza Baba Nuru. Niliandika namba tangu saa 11 alfajiri, kwa taa ya simu. Yeye alipanga foleni kama wengine, mkono wake wa baridi, vinyweleo vimesimama. Nilimwandikia 64, nikarudia juu yake ikolee, hakuna aliyesema neno kati yetu.

Majini alishika kayaki mara mbili. Nilikuwa nimesimama na wanangu, sikumtambua mpaka alipofika maji ya magotini, nikaisoma ile 64. Alitoka karibu na mwisho. Barabarani akawapita kumi na mmoja, mwanangu wa kwanza aliwahesabu. Amemaliza, mzima, na anaulizia yajayo. Nimemwambia namba naandika mimi tena.

Leo siku ya tatu, wino bado uko mkononi na kesho ana kikao ofisini. Sabuni imeshindwa. Nimpake nini?

Bibi Glasi:
Mafuta ya nazi, mwanangu. Paka, acha kidogo, futa na kitambaa. Hongereni sana.