Wakuu, hawa wadudu wanaoteleza juu ya maji ni buibui au?

Mtembezi_Moro: Habarini wakuu, wikiendi nilipanda Sanje kule Udzungwa, sasa kwenye dimbwi chini ya maporomoko nikakuta vidudu vyembamba miguu mirefuuu vinateleza juu ya maji, havizami wala havilowi, nikapiga picha zote zimetoka ukungu. Mwenzangu kasema buibui wa maji ila mi nimehesabu miguu minne tu. Ni nini hasa, na wanauma?

bibi_shamba: Minne? Hujaangalia vizuri 😂 anayo sita, ya mbele mifupi kaikunja karibu na kichwa, ni ya kukamatia. Ya katikati ndo makasia, ya nyuma ndo usukani. Buibui ana minane. Huyo wanasayansi wanamweka familia ya Gerridae, na ni ndugu wa kunguni, mdomo wake sindano kabisa, inzi akidondoka majini jamaa anasikia vile viwimbi kwa miguu, anamfuata anamdunga ananyonya. Ukimshika na vidole utadungwa na wewe.

Mtembezi_Moro: Kunguni tena?? Haya, na pale maji yanashuka kama mita 170, mbona hawasombwi?

Kijito: Hawakai yanapodondokea, tafuta pembeni maji yalipotulia, nyuma ya mawe, chini ya majani. Ukiona katikati ya mkondo vidudu vidogo vifupi vyenye mabega mapana vinakimbia kundi zima kupanda maji, hao ni Rhagovelia, ukoo mwingine, mguu wa katikati una manyoya yanayofunguka kama upepeo wa jikoni ndo wanapigia kasia. Na vile vyeusi vinavyong'aa vinazunguka zunguka kama vimelewa ni mbawakawa, jicho limegawanyika, nusu linaona juu nusu chini ya maji.

bibi_shamba: Kutozama ni vinyweleo vya miguuni, havishiki maji, mguu unabonyeza tu uso wa maji bila kuutoboa. Ndo maana msifulie hapo jamani, sabuni ikiingia ule uso unalegea wanazama. We angalia kivuli chake chini, kila mguu unapobonyeza panatokea doa la mviringo kubwa kuliko mguu wenyewe.

Mtembezi_Moro: Subirini nizumu... mdudu mwenyewe haonekani kitu ila kwenye mchanga kuna madoa manne meusi kama vifungo vya shati, nilidhani lenzi chafu!!