Gari la kuagiza, la yadi au la mkononi: lipi lina gharama ndogo ukishajumlisha bima?

Muuguzi wa Kihonda aliandika:

Ndugu wanajamvi, poleni na kazi. Mimi ni muuguzi na mama wa mtoto mmoja, naishi Kihonda mjini Morogoro, na zamu za usiku zimenifikisha mahali ambapo siwezi tena kutegemea bodaboda saa nane za usiku. Kwa miaka minne nimeweka akiba ya shilingi milioni 16, na sina mahali pengine pa kuchota iwapo nitakosea.

Nataka Toyota IST ya cc 1,300, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi na mafundi wengi wanaijua. Nina njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza Japani gari la mwaka 2005, ambalo bei yake pamoja na usafiri na bima ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam ni dola 3,000. Ya pili ni gari kama hilo lililoko yadi Dar es Salaam, ambalo muuzaji anataka milioni 15 na anasema kila kitu kimelipiwa. Ya tatu ni gari la mfanyakazi mwenzangu, lenye namba ya usajili ya mfululizo wa D, analoliuza milioni 9.5, naye ameniambia kwamba nitarithi na bima yake iliyobakiza miezi saba. Bei hizi tatu nimezielewa. Ninachoomba ni mnionyeshe gharama ambazo wauzaji hawajazitaja, ili nilinganishe jumla na jumla.

Wakala wa Kurasini alijibu:

Dada Muuguzi, nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara nyingi ni mteja kudhani kwamba kodi ni asilimia moja inayotozwa mara moja. Kodi hizi hupandiana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari, kwa hiyo kwa dola 3,000 utalipa dola 750. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini haijazidi cc 2,000 ni asilimia 5, nao unakokotolewa juu ya thamani ikiwa tayari imejumlishwa na ushuru wa forodha, yaani dola 3,750, na unafikia dola 187.50. Gari lako lina zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, kwa hiyo kuna ushuru mwingine wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya dola hizohizo 3,750, ambao ni dola 1,125. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote hivyo kwa pamoja, nayo ni dola 911.25.

Jumla ni dola 2,973.75, karibu sawa kabisa na bei ya gari lenyewe, na bado sijaweka tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, usajili na malipo ya wakala. Kama gari lingekuwa na umri wa miaka 8 hadi 10, ushuru wa uchakavu ungekuwa asilimia 15, na hesabu hiyo ingeshuka hadi dola 2,310. Hata hivyo gari jipya kidogo huuzwa ghali zaidi huko Japani, kwa hiyo nafuu ya kodi inaweza kuliwa na bei.

Jambo la pili ni kwamba TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haitegemei ankara yako peke yake. Ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kuufungua kwenye tovuti yao, akaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kisha akaona kodi kabla hajatuma hata senti. Fanya hivyo kabla ya kulipa, kwa sababu thamani ya mfumo ikiwa juu ya dola 3,000, hesabu yangu yote inapanda. Uwe pia na fedha ya kodi mkononi kabla meli haijafika. Nimeona watu walionunua gari kwa bei nzuri, kisha wakaacha likae bandarini wakitafuta fedha, na gharama za hifadhi zikaongezeka siku hadi siku.

Pamoja na hayo yote, bado naona kuagiza ni njia iliyo wazi kuliko nyingine, kwa sababu unaweza kudai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari mnadani, na kujua gari lilivyokuwa kabla halijaondoka Japani.

Fundi wa Gerezani alijibu:

Mimi ni fundi magari huku Gerezani, Dar es Salaam. Naheshimu hesabu ya ndugu Wakala, lakini karatasi ya mnada inasaidia tu kama ni ya gari hilohilo, namba ya chesisi ikilingana, na kama mnunuzi anajua kuisoma. Gari lenye alama R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Wako wanaopewa picha zinazong'aa bila karatasi hiyo, na kilomita zikiwa zimerudishwa nyuma. Mimi huangalia pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva: gari linaloonyesha kilomita 60,000 halipaswi kuwa na pedali iliyolika hadi kung'aa.

Gari likishatoka bandarini au yadi, gharama zake za kwanza hazikwepeki. Matairi ndiyo ya kwanza. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 1417 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mengi ya magari haya huja na matairi yenye kashata (mifereji ya juu) nzuri lakini mpira wake umezeeka, na barabara ya Morogoro kwa joto la mchana si mahali pa kuyajaribu. Weka fedha ya matairi manne, betri, oili ya injini, oili ya gia boksi, plagi na chujio. Redio ya Japani imetengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, yanayoanzia 76, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazitashikika bila kifaa cha kuongeza masafa. Hilo ni dogo, nalitaja kwa sababu huwashangaza wengi.

Kwa gari la mkononi, mpelekee fundi ambaye hamjui muuzaji, na lifike asubuhi likiwa halijawashwa, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha milio na moshi. Injini ya IST hutumia mnyororo wa taimingi, si mkanda, kwa hiyo mtu asikutoze fedha ya kubadilisha mkanda ambao haupo. Kinachochoka kwenye barabara zetu ni shokapu, bushi na vichwa vya stelingi. Gia boksi ikigonga wakati wa kubadilisha kutoka P kwenda D, ongeza gharama hiyo kwenye bei ya gari, au liache.

Mwalimu wa Arusha alijibu:

Dada, naomba usipuuze sentensi ile ya kurithi bima. Mwaka wa pili wa ajira yangu nilinunua gari la mkononi kwa mtu niliyemwamini, tukaandikiana karatasi kwa mwanasheria, nikakabidhiwa kadi ya gari yenye jina lake, na nikaahirisha kubadilisha umiliki ili kuokoa fedha. Baada ya miezi mitatu niligongana na gari jingine. Kampuni ya bima iliniuliza mimi ni nani, kwa kuwa mkataba waliokuwa nao ulikuwa wa muuzaji. Sikulipwa chochote, na kwa kweli nilipousoma mkataba baadaye niliona kwamba hawakunidhulumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha gari ambalo kisheria halikuwa na uhusiano wowote na mimi.

Madeni yalikuja baadaye. Faini za barabarani zilizopigwa kwenye namba ya gari kabla sijalinunua ziliendelea kusomeka, pamoja na deni la maegesho. Namba ya gari haibadiliki mmiliki anapobadilika, kwa hiyo deni humfuata anayelishika gari. Kagua faini kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho kabla ya kukabidhi fedha, kisha mwende TRA pamoja siku hiyohiyo mbadilishe jina. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu. Kubalianeni mapema nani atalipa, maana wauzaji wengi hunyamaza hadi mnapofika dirishani.

Mshauri wa Bima alijibu:

Mwalimu amesema kweli, nami naongeza upande wa hesabu. Bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria, kwa gari binafsi ni shilingi 100,000, na pamoja na VAT ni 118,000. Hiyo hulipa madhara unayomsababishia mtu mwingine. Gari lako likiharibika au kuibiwa, hupati kitu. Bima kubwa, ile inayolipa pia gari lako mwenyewe, kwa gari binafsi huhesabiwa kwa kawaida kwa asilimia 3.5 ya thamani. Kwa gari la yadi la milioni 15 ni shilingi 525,000, na VAT 94,500, jumla 619,500. Kwa gari la milioni 9.5 jumla ni 392,350. Hii ni gharama ya kila mwaka, na ndiyo maana siipendi hesabu ya kununua gari inayoishia siku ya kununua.

Hapo kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Uliza kiasi chake kwa maandishi, kwa sababu bima inayoonekana nafuu mara nyingi ina eksesi kubwa. Wa pili ni kuandikisha thamani ndogo ili mchango, yaani ada unayoilipa kampuni ya bima, upungue. Chukulia gari lina thamani ya milioni 12, nawe umeandikisha milioni 8. Ukipata hasara ya milioni 3, kampuni inayotumia kanuni ya uwiano itakulipa theluthi mbili tu, yaani milioni 2, kisha itoe eksesi. Wa tatu ni kinyume chake: ukiandikisha thamani kubwa kuliko ya soko, gari likiibiwa utalipwa thamani ya soko ya siku hiyo, na mchango wa ziada uliotoa haurudi.

Baadhi ya kampuni hudai ukaguzi na tathmini kwa magari yenye umri mkubwa, na nyingine hukataa kuyapa bima kubwa, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ukishapewa stika, ihakiki wewe mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari; stika isiyosomeka pale haina faida yoyote siku ya ajali.

Jirani wa Mombasa alijibu:

Huku Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo IST ya 2005 kutoka Japani hatuwezi kuipata kabisa, na bei zetu ziko juu kwa sababu hiyo. Dada yangu, ukiniuliza mimi, uhuru huo mlio nao mnaulipia kupitia ule ushuru wa uchakavu.

Muuguzi wa Kihonda alijibu:

Nawashukuru sana, nimekaa na kalamu baada ya zamu. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, gari la kuagiza pamoja na kodi alizozitaja Wakala ni shilingi 14,934,375. Ninabaki na milioni moja na kidogo, ambayo haitoshi bandari, usajili, matairi na bima kubwa kwa pamoja. La yadi likikatiwa bima kubwa linafika 15,619,500, na nabaki na 380,500, ambazo ni pungufu ya matairi manne mazuri. La mwenzangu pamoja na bima kubwa kwa jina langu ni 9,892,350, na nabaki na milioni sita za matengenezo na umiliki.

Nimemwambia kwamba sihitaji bima yake, na kwamba nitalipa tukiwa TRA, baada ya kukagua faini na maegesho. Amekubali, ila ameomba ada ya kuhamisha umiliki tugawane nusu kwa nusu. Fundi, je, naweza kulileta Gerezani Jumamosi, au safari ya kutoka Morogoro itaipasha injini moto na kuharibu ukaguzi?

Fundi wa Gerezani alijibu:

Itaharibu. Lilete Ijumaa jioni, lilale hapa, nitaliwasha mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi nawe ukiwepo. Na mwenzako asilijaze oili mpya kabla hujaja. Nataka kuiona ile iliyomo.