Kachi: kusaini na promoteri miaka 3, kwenda Joburg, ao kununua ringi yangu?

Mwana_Katuba
Jambo yenu wote. Niko na swali, na jibu nalihitaji kabla ya siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Mimi ni mcheza kachi, ndiyo mieleka, hapa Lubumbashi. Nimecheza miaka minne bila kikundi na bila bosi: mwenye pambano ananipigia simu, tunapatana bei, nakuja na mfuko wangu, napigana, nalipwa, narudi nyumbani. Sasa kuna promoteri anataka nisaini kontra ya miaka 3. Anasema atanilipa kila mwezi hata kama hakuna pambano. Halafu kuna ndugu yuko Johannesburg, ananiita kule, anasema kuna kachi ya kisasa. Na mimi mwenyewe moyo unaniambia nitengeneze ringi yangu, niwe mkubwa wa kichwa changu. Kati ya hizo tatu, nichague ipi? Aksanti.

Papa_Deo
Mtoto wangu, unatuuliza bei ya mbuzi na mbuzi umemfungia nyumbani. Una miaka mingapi? Kilo ngapi? Kila mwezi ngapi? Kontra ni ya karatasi ao ya mdomo? Una mke? Na unacheza kachi ya kukamatana, ao ile ya dawa za uchawi, ya kutoa watu matumbo mbele ya watoto?

Tantini_Bea
Mimi swali langu ni moja tu. Ukivunjika, nani analipa hospitali? Mengine mtajadili ninyi wanaume.

Simba_Kampemba
Joburg! Hapa utazeekea kwenye vumbi. Kofi Kingston ni mzaliwa wa Ghana, na tarehe 7 Aprili 2019 alimpiga Daniel Bryan akabeba mkanda wa WWE, ile kampuni kubwa ya kachi ya Marekani. Huyo Bryan naye alitoka wapi? Alizunguka kumbi ndogo karibu miaka kumi, kampuni ya Ring of Honor, Japani, kote kule, ndipo WWE wakamchukua. CM Punk vilevile. PJ Black, yule aliyeitwa Justin Gabriel, ni mtoto wa Afrika Kusini. Mlango uko pale. Mtu anauzunguka akitafuta dirisha.

Kamalondo_Tosha
Simba, usimdanganye mtoto wa watu. Kofi alikulia Marekani, akasoma huko mpaka chuo kikuu. Hakupita mpaka wa Kasumbalesa na maski kwenye mfuko wa plastiki. Na ndani ya WWE kwenyewe alingoja miaka 11 kabla ya huo mkanda. Hao wanaojitegemea, hata huko Marekani, wengi wana kazi nyingine mchana. Pambano lenyewe linalipa mafuta ya gari. Pesa inatoka kwenye tisheti na picha wanazouza mlangoni. Wewe Mwana_Katuba una tisheti?

Mwana_Katuba
Tisheti sina. Miaka 26, kilo 88. Mke ninaye na mtoto mmoja. Promoteri anasema dola 80 kwa mwezi. Mimi nacheza kachi ya kukamatana, dawa sipendi, lakini watu wanaitaka.

Vitumbula_Ya_Asubui
Mi nasema tu ukweli. Batu ba Lubum habaendake kuangaria tekniki. Banaenda kuangaria dawa. Ukimukamata muntu mukono dakika kumi, bale ba nyuma banaanza kulala. Ukimutoa nyoka mu sanduku, hata mama wa mukate anaacha mukate yake anakuya.

Papa_Deo
Ndiyo maana kachi yetu imekufa. Wakati wa Zaire, Kelekele Lituka alikuwa anabeba mtu mzima anamzungusha hewani, na uwanja mzima unajua ni nguvu. Leo mtu anapuliza unga usoni mwa mwenzake, mwenzake anaanza kucheza ngoma kama kichaa, halafu tunaambiwa ameshindwa. Ameshindwa na nini? Na unga wa mihogo!

Vitumbula_Ya_Asubui
Papa, Edingwe anajaza uwanja kule Kinshasa na dawa yake. Huyo wa kukamatana mikono anajaza nini?

Papa_Deo
Kujaza uwanja hata mnada wa nguo kuukuu unajaza.

Fundi_Chuma
Turudi kwenye swali. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, karibu na uwanja wa Kibassa Maliba, na nimetengeneza ringi mbili katika maisha yangu. Ringi ya WWE ni kama mita 6 kwa 6. Wewe tano kwa tano inakutosha, na inaingia kwenye lori dogo. Nguzo nne za bomba nene, chini mihimili ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao godoro jembamba, juu kabisa turubai lililovutwa mpaka lilie. Kamba zenyewe ni waya wa chuma ndani ya mpira wa kumwagilia bustani. Msidharau, hata ng'ambo ringi nyingi ziko hivyo. Siri iko kwenye mihimili: lazima inepe kidogo katikati. Ukichomelea ngumu kama daraja, unaua watu.

Kamalondo_Tosha
Na mvua je? Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, nani anakuja uwanjani? Ringi italala nyumbani ikila kutu, na mke wako ataanika nguo kwenye kamba zake.

Fundi_Chuma
Atakodisha. Watu wa makanisa wanatafuta jukwaa kila siku.

Tantini_Bea
Swali langu la hospitali bado halijajibiwa.

Mzee_Likasi
Nilitaka kunyamaza, lakini huyu mama ananikumbusha. Nitalijibu mimi.

Mwaka 2011 nilisaini kontra kama hiyo. Sitaji jina la mtu, wajukuu wake wanasoma na wajukuu wangu. Tulipatana pesa kila mwezi na hospitali juu yake. Nilitia saini karatasi mbili, akasema yangu ataipitisha kwanza kwa mwanasheria aigonge muhuri. Mpaka leo hii muhuri haujakauka.

Pesa ya mwezi nilipata mara mbili. Mwezi wa tatu akasema tuna safari: Likasi, Fungurume, Kolwezi. Likasi ilienda vizuri. Tulizunguka mji mchana juu ya lori, fanfari mbele, mimi na maski yangu nikitukana watu kwenye mikro. Mimi nilikuwa mbaya, na mbaya ndiye anayeuza tiketi, kwa sababu watu wanalipa kuona akipigwa. Usiku uwanja ukajaa.

Fungurume tukakuta ringi hakuna. Lori iliyobeba vyuma ilibaki Likasi kwa sababu dereva hakulipwa. Bosi akasema siyo shida. Wakapanga kreti za bia tupu, wakaweka mbao juu, wakatandika hema. Ninyi mnaotazama hamjui: kuanguka ni kazi ya kusomea. Unabana kidevu kifuani, unashuka na mgongo mzima mara moja, na mikono miwili inapiga sakafu pamoja ili kishindo kitawanyike. Miezi ya kwanza mwalimu hakufundishi kupiga, anakufundisha kuanguka tu. Lakini hiyo elimu inataka sakafu inayonepa, kama alivyosema Fundi. Kreti hazinepi. Kreti zinateleza.

Mwenzangu alinibeba vizuri kabisa, wala simlaumu. Nilipokuwa hewani nikasikia chupa iliyosahaulika ndani ya kreti ikipasuka. Upande mmoja ukashuka. Badala ya mgongo nikafika na bega, na mtulinga ukavunjika mara mbili. Watu wakapiga makofi. Walifikiri ni sehemu ya mchezo. Mimi nalia, wao wanacheka, kwa sababu mbaya amepata malipo yake.

Bosi akanipeleka hospitali na lori, akaniambia atakuja asubuhi. Sikumwona tena. Hospitali ikanitibu, halafu ikanizuia siku 19 mpaka deni liishe. Siku 19, naota jua kwenye ua na wenzangu wenye madeni. Mke wangu akauza mashini yake ya kushona. Nikatoka, nikapanda basi kwenda Kolwezi kumtafuta huyo mtu, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Nafika, nasikia mikro inaita jina langu. Nikasimama barabarani. Juu ya lori kulikuwa na kijana mwembamba, amevaa maski yangu, anatukana watu kwa maneno yangu yale yale. Wala hakuwa anatukana vizuri.

Tantini_Bea
Yesu wangu.

Simba_Kampemba
Hiyo ndiyo sababu nasema Joburg.

Kamalondo_Tosha
Joburg kreti hazipo?

Papa_Deo
Pole sana Mzee. Umenikumbusha jambo kubwa kuliko hizo dola 80. Mwana_Katuba, jina lako la kachi ni la nani ndani ya kontra? Hata wakubwa walifungwa hapo. Wale Dudley Boyz, wawili waliopigana pamoja, walipotoka WWE mwaka 2005, jina likabaki nyuma, wakajiita Team 3D. Cody Rhodes alitoka 2016, na Rhodes ni jina alilolitumia baba yake ulingoni, lakini ikabidi apigane akiitwa Cody tu. Tarehe 1 Septemba 2018, yeye na wenzake wakaandaa pambano lao wenyewe karibu na Chicago, zaidi ya watu 10,000 wakaja, na bado hilo jina hana. Alilipata mwaka 2020. Yeye alikuwa na pesa ya wanasheria. Wewe una nini?

Na maski pia. El Santo, mcheza kachi wa Mexico, alificha uso wake miaka yote aliyopigana kwa jina hilo. Januari 1984 akaifunua kidogo kwenye televisheni, na siku chache baadaye akafa. Walimzika nayo.

Vitumbula_Ya_Asubui
Banamuzika na maski? Sasa kule mbinguni banamujua je?

Mwana_Katuba
Ngojeni nisome karatasi.

Mwana_Katuba
Nimesoma. Kifungu cha 6: "Jina la vita, maski na picha za mchezaji ni mali ya mwandalizi, hata baada ya mwisho wa kontra." Cha 9: "Mchezaji anajitunza mwenyewe kwa mambo ya afya." Cha 4: sitapigana kwa mtu mwingine yeyote kati ya Kasumbalesa na Kolwezi bila ruhusa yake.

Tantini_Bea
Basi jibu langu nimelipata. Cha 9.

Kamalondo_Tosha
Kaka, anakuajiri ao hakuajiri? Akikulipa kila mwezi na kukukataza kwingine, wewe ni mfanyakazi wake. Ukivunjika, ghafla unajitegemea. WWE nao wanafanya vile, wanawaita wachezaji wao watu wa kujitegemea na huku wamewafunga, lakini angalau kule kuna pesa ya kufungiwa. Dola 80! Hiyo ni mifuko mingapi ya unga wa bukari, ndiyo ugali?

Fundi_Chuma
Mtu wa kilo 88 anakula bukari ya watu watatu. Usihesabu.

Kamalondo_Tosha
Subirini kidogo. Katuba, kilo 88, anavaa maski, dawa hapendi. Wewe siyo Nyoka ya Kafubu? Yule aliyeangukia bafle, spika ya muziki, siku ya 30 Juni?

Mwana_Katuba
Bafle iliwekwa vibaya.

Vitumbula_Ya_Asubui
Njo yeye! Mi nilikuwa pale! Muziki ikakatika, batu banasema njo dawa yake hiyo, anazima umeme!

Mwana_Katuba
Haikuwa dawa. Nilikanyaga waya.

Papa_Deo
Nyoka, mimi nilikuona Ruashi mwaka jana. Ulimkamata yule mnene shingo, ukageuka naye vizuri sana. Una mikono. Usimpe mtu hilo jina. Mwambie afute cha 6 na cha 9, abakishe mwaka mmoja badala ya mitatu, na karatasi yako uondoke nayo siku ile ile. Akikataa, endelea peke yako kama ulivyokuwa. Kwani nini kinakubana mpaka siku ya posho?

Mwana_Katuba
Iko neno moja sikusema.

Tantini_Bea
Ehee.

Mwana_Katuba
Alinipa avansi. Dola 150, wiki mbili zilizopita. Nilinunua mabati, nyumba ilikuwa inavuja. Sijasaini bado, ila mabati yako juu.

Simba_Kampemba
Hapo nimechoka.

Mzee_Likasi
Uliandika mahali kwamba umepokea?

Mwana_Katuba
Kwenye daftari yake. Jina langu na kidole.

Papa_Deo
Jina gani? La kwenu ao Nyoka ya Kafubu?

Mwana_Katuba
Nyoka.

Kamalondo_Tosha
Basi Nyoka ndiye anadaiwa. Wewe ni nani tena?

Mzee_Likasi
Msimchezee kijana, kidole ni kidole. Mrudishie polepole, pambano kwa pambano, na shahidi akiwapo. Cheza kwake mapambano matano bila kusaini, akate dola 30 kila mara. Huyo mtu anataka uso wako kwenye lori kabla mvua haijaanza, atakubali. Na ukifika uwanjani, kabla ya kuvaa maski, inama uangalie chini ya ringi. Ukiona kreti, rudi nyumbani.

Simba_Kampemba
Na Joburg? Ndugu yake atamngoja mpaka lini? Njia ni rahisi siku hizi, daraja la Kazungula liko wazi tangu 2021, unapita Zambia, unaingia Botswana...

Kamalondo_Tosha
Simba, nani anapita Kazungula kwenda Joburg? Watu wanapita Chirundu na Zimbabwe.

Simba_Kampemba
Chirundu foleni ya malori utaikuta mpaka ndevu ziote. Shemeji yangu anaendesha, anapita Kazungula.

Kamalondo_Tosha
Shemeji yako anaendesha shaba, habebi wacheza kachi. Muulize atakwambia.

Vitumbula_Ya_Asubui
Nyoka, na siku ya posho unapigana wapi? Tukuye kuangaria.

Mwana_Katuba
Bado sijajua. Anataka nije ofisini saa nne na kalamu. Mke wangu amesema anakuja pia.

Tantini_Bea
Huyo mwanamke ana akili. Fundi, samahani natoka nje ya mada. Unatengeneza na mlango wa chuma? Wa kwangu umeliwa na kutu. Bei gani?

Fundi_Chuma
Natengeneza, Tantini. Wa upande mmoja ao miwili? Unafungukia ndani ao nje? Pima kwanza urefu na upana, halafu uniandikie.