Waliniwekea LED kwenye indiketa, wakaliziba gari mdomo lisiniambie kwamba taa imekufa

Ndugu madereva na mafundi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa kuwa jambo lenyewe lilikaribia kumuua mtu na bado aliyelisababisha anashikilia kwamba kazi yake haina kasoro.

Jioni moja wiki iliyopita nilipunguza mwendo ili nikate kona kushoto. Indiketa nilikuwa nimeiwasha mapema, mshale wa kijani kwenye dashibodi ulikuwa ukiwaka na kuzima kwa mwendo wake wa kila siku, na ule mlio wa tik-tak niliusikia vizuri kabisa. Mwendesha pikipiki aliyekuwa nyuma yangu akaja moja kwa moja ubavuni mwa gari, akakamata breki, tairi la nyuma likaseleleka, akasimama akiwa amejizuia kwa kiganja kwenye mlango wangu. Hakutukana. Alisema tu, "Mzee, unakata kona bila indiketa." Nikamwonyesha mshale unavyowaka. Akanijibu, "Shuka uone mwenyewe." Nikashuka, tukazunguka nyuma wote wawili, na taa ya kushoto ilikuwa nyeusi tii, huku mlio ndani ya gari ukiendelea kana kwamba hakuna lililoharibika. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwomba radhi.

Sijui taa ile ilikuwa imekufa kwa siku ngapi, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko nyingine zote, kwa sababu gari langu lilitengenezwa liwe na uwezo wa kuniambia, na uwezo huo nikauondolewa bila mtu yeyote kuniuliza.

Mambo yalianza hivi. Miezi mitatu kabla ya jioni ile, balbu ya indiketa ya nyuma kushoto iliungua. Nililijua hilo nikiwa bado barabarani, kwa kuwa nilipowasha indiketa ya upande ule ilianza kupepesa mbio, karibu mara mbili ya kawaida yake. Nilikwenda kununua balbu moja ya kawaida, ile ya wati 21 yenye kioo cha rangi ya chungwa ambayo kitako chake kimeandikwa PY21W. Muuzaji, ambaye ndiye fundi pia, akanishawishi nichukue LED kwa taa zote nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, akaniambia kwamba hazili umeme, hazipati joto, zitaishi kuliko gari lenyewe, na kwamba kazi yake ni kutoa ya zamani na kuchomeka mpya, basi. Nilikubali. Nakiri kwamba sikuuliza maswali niliyopaswa kuuliza, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiuza, na majibu alikuwa nayo.

Tulipozichomeka, indiketa zikaanza kupepesa mbio pande zote mbili. Fundi akasema huo ni ugonjwa wa kawaida wa LED na una dawa yake. Hapa naomba nieleze kwa utulivu kwa nini si ugonjwa hata kidogo, kwa sababu neno hilo ndilo linalotumika kutuuzia hiyo dawa.

Kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, ambacho wengi tunakiita flasha, kinapima umeme unaopita kuelekea kwenye taa. Kwenye gari la aina ya langu, kila upande una balbu mbili za wati 21 na moja ndogo ya wati 5 ubavuni, jumla yake wati 47, yaani karibu amperi 4 kwa umeme wa volti 12. Balbu moja kubwa ikiungua, umeme unashuka hadi amperi 2 na ushee, flasha inatambua pengo hilo, na inaanza kupepesa mbio ili dereva ajue kwamba kuna taa haiwaki. Kwenye magari mapya kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi, lakini maana yake ni ile ile. Zile flasha za kizamani zinazotumia bamba la chuma linalopinda kwa joto, zenyewe zikikosa umeme wa kutosha hupepesa polepole au hukwama kabisa, na hiyo nayo ni taarifa kwa dereva. LED inakula sehemu ndogo tu ya umeme unaoliwa na balbu ya wati 21, kwa hiyo gari linapoiona linadhani kwamba balbu imeungua, na kwa vipimo lilivyopewa halijakosea.

Tena jambo hili halikuachwa kwa hiari ya watengenezaji. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari, ambazo nchi nyingi zinazifuata, zinataka indiketa iwake mara 90 kwa dakika, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa mara 30, na zinataka pia kwamba indiketa yoyote ikiharibika, alama ya kwenye dashibodi imwonyeshe dereva, ama kwa kuzimika, ama kwa kuganda bila kupepesa, ama kwa kubadili mwendo waziwazi. Ule mlio wa haraka unaotuudhi umewekwa pale makusudi, kwa ajili ya mtu aliye nyuma yetu.

Sasa dawa ya fundi. Alitoa rezista nne, yaani vizuizi vya umeme vinavyougeuza kuwa joto, zile ndefu zenye gamba la rangi ya dhahabu zenye mapezi ya kupoozea, zimeandikwa wati 50 na omu 6, akaziunga kwenye waya za kila taa sambamba na LED kwa vile vibanio vya bluu vinavyong'ata waya bila kuumenya. Kupepesa mbio kukakoma papo hapo. Akanyoosha kidole gumba, mimi nikalipa, nikaondoka nimeridhika.

Hebu tazameni kilichofanyika pale. Rezista ya omu 6 kwenye volti 12 inapitisha amperi 2, na injini ikiwa inanguruma umeme unafika volti 14, kwa hiyo kila inapowaka inageuza zaidi ya wati 32 kuwa joto tupu lisilomulika chochote. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kulehemu ya fundi redio. Indiketa inapepesa, kwa hiyo joto hilo linapungua karibu kwa nusu, lakini ukiwasha taa za hatari zote nne ukiwa umeharibikiwa kando ya barabara kwa nusu saa, rezista inapanda joto hadi haishikiki. Ndiyo maana inatakiwa kufungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na mbali na waya nyingine. Zangu za nyuma zilifungwa kwa tepu nyeusi kwenye kifuniko cha plastiki ndani ya buti. Nilipokifungua kifuniko hicho baada ya tukio la pikipiki, gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika kama asali, plastiki ilikuwa imebonyea kwa umbo la rezista na kuzungukwa na doa la kahawia, na ganda la waya mmoja lilikuwa limekauka hadi likakatika nilipolipinda kidogo. Na yule ambaye aliniambia kwamba LED zitaokoa umeme wa gari aliniwekea kifaa kinachoula umeme wote ambao LED imeuokoa, na kuuzidi.

Hata hivyo joto si kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni kwamba rezista haijui kama taa inawaka au haiwaki. LED ikifa, umeme unaendelea kupita kwenye rezista, flasha inahesabu amperi zake na kuridhika, mshale unapepesa kwa mwendo mzuri, na dereva anaendesha akiamini kwamba amemwonyesha mwenzake njia anayokwenda. Hicho ndicho kilichonipata. Gari halikuponywa chochote, limezibwa mdomo tu. Kama angeniambia waziwazi kwamba kuanzia leo taa ikifa hutajua, ningetoa LED zile palepale, na naamini wengi wenu mngefanya hivyo.

Bado sijafika kwenye sababu ya taa kufa, nayo ni aibu ya peke yake. Kitako cha balbu ya PY21W kina vijino viwili vya pembeni ambavyo havitazamani sawasawa, vimekaa kwenye pembe ya nyuzi 150, na watengenezaji walifanya hivyo kusudi, ili mtu asiweze kuchomeka balbu nyeupe mahali panapotakiwa rangi ya chungwa. LED alizoleta fundi zilikuwa na kitako cha kawaida chenye vijino vinavyotazamana kwa nyuzi 180, kwa hiyo za nyuma zilikataa kuingia. Nilimwona akichukua tupa, nikadhani anasafisha kutu. Alikuwa anakata kijino kimoja. LED ikashikiliwa na kijino kilichobaki, ikakaa upande upande ndani ya soketi, na miezi mitatu ya mashimo na matuta ikamaliza kazi. Nilipoichomoa, nukta ya risasi chini ya kitako ilikuwa imeungua nusu na kuwa nyeusi. Nikiibonyeza kwa kidole inawaka, nikiachia inazima. Nikaweka balbu ya kawaida kwenye soketi ile ile ikawaka bila tatizo, kwa hiyo waya na soketi havina hatia.

Kuhusu za mbele nitasema kwa kifupi. Vioo vyake ni vya rangi ya chungwa, na fundi akaweka LED nyeupe akisema kioo kitaipa rangi. LED nyeupe kwa kawaida ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano, ina upungufu katika ile sehemu ya mwanga ambayo kioo cha chungwa kinaruhusu ipite, kwa hiyo kinachotoka ni njano iliyopauka ambayo mchana wa jua kali huioni ukiwa umbali wa kutosha kukusaidia. Kioo cha chungwa kinahitaji LED ya rangi ya chungwa. Na hata rangi ikiwa sahihi, kiakisi cha ndani ya taa kimechongwa kikitegemea kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mdogo wa balbu uliokaa mahali pamoja panapojulikana, ilhali LED yenye umbo la gunzi la mahindi inatawanya mwanga kutoka pande zake zote. Mbele ya ukuta inaonekana kali sana, lakini ukisimama pembeni, pale ambapo mwendesha pikipiki hukaa, imefifia.

Nilirudi kulalamika. Nikapewa LED nyingine zilizoandikwa CANbus kwenye paketi, na kuhakikishiwa kwamba hizo hazihitaji rezista. Mara nyingi neno hilo lina maana kwamba rezista imefichwa ndani ya LED yenyewe, na LED ndicho kitu kinachokufa mapema kwa joto, kwa sababu joto lake linashuka kwenye kitako, nacho kimefungiwa ndani ya taa isiyo na hewa. Nilipouliza zinakula wati ngapi hasa, hakuna aliyejua. Nilipoomba nirudishiwe fedha zangu, nikaambiwa bidhaa ikishafungwa hairudishwi, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetaka kupepesa mbio kukome.

Najua kuna ndugu hapa watakaosema suluhisho ni kubadilisha flasha na kuweka ya kielektroniki isiyojali umeme unaopita. Ni kweli kwamba njia hiyo haina joto, na kwa gari lenye flasha inayochomoka ni safi kuliko rezista, lakini flasha ya namna hiyo nayo inapepesa kwa mwendo ule ule taa ikiwa nzima au mbovu, kwa hiyo swali langu linabaki palepale. Wala siichukii LED yenyewe. Inafika mwanga wake kamili papo hapo, ilhali uzi wa balbu unahitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde, na magari yaliyotoka kiwandani na LED yana mfumo unaozikagua na kutoa taarifa zikiharibika. Tunachofungiwa sisi ni kitu kingine kabisa.

Nimeshatoa LED zote nne na rezista zake, nimekata vibanio, nimeunga waya upya kwa risasi, na nimerudisha balbu za wati 21. Ninachokitaka kwa wauzaji na mafundi wanaosoma hapa ni kwamba, kabla hamjagusa indiketa za mtu, mmwambie kwa kinywa chenu kwamba baada ya kazi yenu gari lake halitamwonya tena taa ikifa, kisha mwacheni aamue. Anayeona kwamba maneno hayo yatamharibia biashara ajiulize anauza nini.

Na wewe uliyefungiwa LED pamoja na rezista, usisubiri mtu akugongee mlango. Leo usiku washa taa za hatari, shuka, lizunguke gari lako taa moja baada ya nyingine, kisha fungua kifuniko cha buti na utazame rezista zimefungwa wapi, ila usiziguse kwa mkono mtupu. Halafu njoo uandike hapa chini ulichokikuta, ukitaja aina ya gari na muda tangu ulipofungiwa, maana fundi wangu anasema mimi ni wa kwanza kumlalamikia.