Naomba ushauri: siku 9 Jamaica, sitaki Montego Bay wala Negril. Nianzie mji gani mdogo?

BintiPangani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi mzaliwa wa Pangani, naishi Uingereza mwaka wa nne sasa. Tarehe 14 Februari napanda ndege Gatwick kwenda Kingston, siku 9. Kila ninayemuuliza ananitajia Montego Bay, Negril na Ocho Rios, zile hoteli unazovishwa bangili mkononi ukala na kunywa bila kutoka getini. Huko sitaki. Nataka miji midogo: Port Antonio, Hope Bay, Buff Bay, na siku zikibaki, Black River. Gari siwezi kuendesha. Nasafiri na nini, na mwanamke peke yake anapita salama? Wiki ya pili hii usingizi hauji. Nisaidieni.

MzeeWaNgamiani:
Marahaba binti yangu. Black River itoe kwenye orodha. Kimbunga Melissa kilipiga tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa daraja la 5, kikaingia nchi kavu Westmoreland, na Black River ni jirani hapo. Mji umeumia vibaya mno. Watu wako kwenye kuezeka upya, si wakati wa kwenda kuwapiga picha. Hiyo miji mingine ni ya upande wa kaskazini mashariki, mkoa wa Portland. Baki huko. Chukua koti la mvua, maana Portland inanyesha hata wakati kwingine kumekauka.

BahariaMazeras:
Dada, mimi meli yetu ilitia nanga Kingston 2017, nikapata siku mbili. Utajihisi uko nyumbani. Wanaendesha kushoto kama sisi, na barabara imejaa Probox! Teksi za ruti zina namba nyekundu. Isiyo na namba nyekundu usipande hata dereva akuite malkia. Nyuma mnabanana wanne na mfuko wa viazi vikuu juu ya magoti. Basi dogo la Port Antonio linapita barabara ya Junction, linafuata korongo la mto Wag Water, kona baada ya kona, mpaka linachomoza baharini Annotto Bay. Kutoka hapo ni pwani tu: Buff Bay, Hope Bay, Port Antonio. Mimi nilishuka Annotto Bay. Konda alikuwa ameniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, basi zima likageuka. Mama mmoja wa makamo akanishika mkono, hakuuachia mpaka niliposhuka. Alisema anataka kuukumbuka ulivyo. Hiyo siku siisahau.

ShangaziTudor:
Kaka yangu kaoa Mjamaika, kwa hiyo mimi nizungumzie chakula. Mwanangu, ukifika Port Antonio endelea kidogo mashariki hadi Boston Bay, nyama inachomwa taratibu juu ya magogo ya mti wa pimento, moshi wenyewe ni kiungo. Shelisheli lipo tele. Lililetwa Jamaica 1793 na kapteni Bligh ili watumwa walishwe kwa bei rahisi, leo hakuna uwanja wa nyumba usio na mti wake. Wanalichoma zima mpaka ganda linakuwa jeusi. Na Krismasi wanapika wali wa nazi na mbaazi, wao wanaziita gungo. Wifi yangu alipotupikia mara ya kwanza mama yangu alilia, akadhani tumemfundisha.

KamandaKijitonyama:
Wote mmejibu vizuri ila hakuna aliyeuliza. Port Antonio naelewa, ina Blue Lagoon, ina kupanda vyelezo vya mianzi mto Rio Grande. Lakini Buff Bay? Mtu wa Pangani kaijuaje Buff Bay? Sema ukweli, kuna mwanaume.

BintiPangani:
Hakuna mwanaume, kaka yangu. Kuna mtu aliyewahi kunisimulia pale.

KamandaKijitonyama:
Mtu gani? Ukificha maradhi, mganga atakutibu nini?

BintiPangani:
Haya. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Miaka mitatu nilikuwa naingia kwa bibi mmoja saa moja asubuhi, namwosha miguu, nampaka mafuta. Mguu wa kushoto alikuwa na kovu la panga, alijikata kwenye shamba la ndizi akiwa na miaka 9. Alizaliwa karibu na Buff Bay, akaja Uingereza 1961. Alikuwa ananisimulia treni iliyopita kando ya bahari, na mama yake aliyezikwa nyuma ya nyumba chini ya mshelisheli. Hakuwahi kurudi hata mara moja, hata kuzika.

Mwezi Julai alinipa bahasha, pauni 1,800 zimefungwa kwa lastiki ya soksi. Akaniambia: nenda kalipake chokaa kaburi la mama yangu, na usimpe binti yangu, atasema nimechanganyikiwa. Agosti akafariki. Tiketi nimekata kwa hela hiyo, pauni 812, hairudishwi. Vyumba vya siku tatu Port Antonio nimeshalipia. Kazini nimesema nakwenda Tanga.

NyotaLeicester:
Dada yangu, tunafanya kazi moja, nakuomba unisikilize. Mambo ya miji weka pembeni kwanza. Kampuni karibu zote zinakataza kupokea hela ya mteja, hata pauni 20. Mimi mzee alinipa saa ya marehemu mumewe, nikairudisha na kuandika ripoti siku hiyo hiyo, na bado niliitwa kuhojiwa. Wewe una 1,800, mwenyewe kafariki, shahidi hakuna, na familia haijui. Kama viza yako inashikiliwa na mwajiri, unacheza na kila kitu ulichonacho.

BintiPangani:
Najua sheria. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Hakuwa amechanganyikiwa. Nyinyi mngemwambia nini mtu anayeomba mama yake apakwe chokaa? Na sijala hata senti, kila risiti ninayo.

KamandaKijitonyama:
Wanajamvi, hii ni chai. Jamaica nimetafuta usafiri wote, treni ya abiria ya Buff Bay HAKUNA. Huyo bibi alipanda treni gani? Na kaburi nyuma ya nyumba ni habari za Bukoba. Binti ametunga, kesho utasikia anaomba mchango wa chokaa.

BahariaMazeras:
Hata mimi hapo kwenye treni nilishtuka.

MzeeWaNgamiani:
Kijana, punguza haraka. Nimefanya kazi reli miaka 31, mambo haya ndiyo burudani yangu. Jamaica ilikuwa na treni tangu 1845, Kingston hadi Spanish Town. Njia ya Port Antonio ilifika 1896, miaka mitatu baada ya Wajerumani kuanza kujenga reli yetu ya Tanga, na ndizi ndizo zilizoibeba. Ilipita Buff Bay. Kimbunga Allen cha 1980 kiliiharibu njia hiyo, na 1992 treni za abiria zikasimamishwa kisiwa kizima. Mtoto aliyekua pale miaka ya arobaini na hamsini lazima aliisikia. Mtunzi wa chai asingeijua treni hiyo. Angeandika habari za ufukwe.

ShangaziTudor:
Na makaburi ya ukoo uwanjani kwa nyumba yapo, hasa vijijini. Wifi yangu bibi yake amelala hatua kumi kutoka jikoni. Wanayapaka chokaa kweli.

KamandaKijitonyama:
Reli nakubali, mzee wangu. Bahasha bado sijaimeza.

MzeeWaNgamiani:
Binti yangu, mimi nakuamini, na kwa kuwa nakuamini nakwambia: huyo binti wa marehemu ni bibi yake ndiye aliyelala pale. Hata kaburi utalipata vipi bila yeye? Utabisha hodi nyumba ya nani?

BintiPangani:
Babu, swali hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nina jina la mtaa na mti, basi.

*(siku nne baadaye)*

BintiPangani:
Nimemwandikia bintiye. Nimemweleza yote, na kila risiti nimeipiga picha nikamtumia. Zilizobaki, pauni 790, nimemwambia ni zake akizitaka. Msimamizi wangu bado, nitamwona Jumatatu. NyotaLeicester asante, nilikukasirikia siku ile.

Amejibu usiku huu, mstari mmoja: mti ule ulianguka zamani, kaburi liko upande wa mto. Hakusema kama ameniruhusu.

Wanaojua: chokaa nitaipata Buff Bay kwenyewe au nibebe kutoka Kingston?

BahariaMazeras:
Usibebe unga mweupe uwanja wa ndege wowote, tafadhali! Nunua Kingston kabla ya kupanda basi, na burashi pana. Mfuko upakate magotini kama wenzako.