Hii barabara yetu ya Njoro inahitaji zebra ama tunaomba rangi tu?

Mama_Sukuma
Wadau habari zenu, nimekuja na swali naomba mnijibu kwa roho safi. Niko kwa ile barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro, nauza sukuma na nyanya kando ya lami, mwaka wa saba huu. Pale kwetu shule iko upande mmoja na nyumba za watu ziko ng'ambo, hakuna zebra hakuna tuta, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni matatu, malori ya ngano, proboxi na boda, zote mbio.

Muhula uliopita msichana wa gredi ya nne aligongwa na pikipiki mimi nikiwa hapo hapo na kisu cha kukatia sukuma mkononi. Nilimwona akiangalia kulia, akaangalia kushoto, akakimbia. Alivunjika mguu. Mungu ashukuriwe amerudi shule lakini mpaka leo havuki bila kushikwa mkono, anakuja kwa meza yangu na wenzake wote nyuma yake naacha biashara naenda kuwavusha.

Wazazi tulienda ofisi fulani kuomba zebra, tukaambiwa lazima kwanza ijulikane kama wanaovuka wanatosha. Sasa wanaotosha ni wangapi? Na mzee mmoja kwa mkutano alisema zebra ni rangi tu, dere hajali rangi. Ni kweli ama anatuvunja moyo?

Fundi_Lami
Pole sana mama, na asante kwa hao watoto. Nimefanya kazi za barabara miaka mingi, hiyo hesabu mliyoambiwa ipo. Mainjinia wengi hutumia kanuni iliyotoka Uingereza, wanaiita PV mraba. P ni watu wanaovuka kwa saa moja, unahesabu mita 50 kila upande wa pale mnataka kivuko. V ni magari ya pande zote mbili kwa saa hiyo hiyo. Unachukua masaa manne yenye shughuli kushinda yote kwa siku, unatafuta wastani, halafu P unazidisha kwa V, unazidisha tena kwa V. Ikifika milioni 100 kwa barabara isiyogawanywa katikati, kivuko kinastahili. Iliyogawanywa ni milioni 200.

Mfano magari 600 na watu 300, hiyo ni milioni 108, imepita. Magari yale yale 600 lakini watu 180 ni karibu milioni 65, imekataa.

Lakini angalia inavyoumiza shule. Watoto wenu huvuka wote kwa dakika kama ishirini hivi, ukiwagawanya kwa masaa manne ni kama hawakuweko. Halafu mtu anayeogopa barabara hahesabiwi kabisa, yule nyanya ambaye ameacha kwenda kliniki ng'ambo juu ya hayo magari hayuko kwa hiyo P. Kwa hivyo barabara ikizidi kutisha, wanaovuka wanapungua, na karatasi inasema hakuna haja! Huko Uingereza kwenyewe mwongozo wao tangu 1995 uliacha kuitegemea hiyo namba peke yake, wanaangalia pia watoto, wazee, ajali zilizotokea, mwendo wa magari na muda mtu anangoja kabla apate nafasi. Mkienda ofisini msikatae kuhesabu, hesabuni, lakini pelekeni na hayo mengine yote.

Dere_wa_Bonde
Mimi ni dere wa lori na huyo mzee amesema ukweli nusu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Lami ya leni mbili ni kama mita 7, mtu mzima anaivuka kwa sekunde 6, mtoto na begi mgongoni labda 7. Sekunde 6 nimeshatembea zaidi ya mita 130. Nikiwa 50, ambayo ndio sheria ndani ya mji na senta, ni kama mita 83, na hapo breki bado zina kazi. Kwa hivyo kabla ya rangi ombeni tuta, zebra ikae juu ya tuta lenyewe, na vibao viwe mbali dere ajiandae. Rangi peke yake usiku wa mvua siioni. Na isiwekwe baada ya kona, hiyo nakataa kabisa.

Kuna kitu kinanitisha hata zaidi. Siku moja nilisimama mama mmoja na mtoto wavuke, matatu iliyokuwa nyuma ikachomoka kunipita, haikuwaona kwa sababu lori langu limewaziba. Nilipiga honi kama mwendawazimu, yule mama akaruka nyuma. Ndio nasema tuta, kwa sababu tuta linampunguza hata yule asiyeona.

Na mama, tafadhali hiyo meza yako isogeze mbali na lami. Juni 2023 pale Londiani junction lori liliacha barabara likaua watu zaidi ya 50, wengi walikuwa tu hapo kando, wanauza na kungoja gari.

Nyar_Kisumo
Mkiambiwa mpewe futibriji badala ya kivuko fikirieni mara mbili. Kwa leni mbili mtu aliyebeba mzigo kichwani hapandi ngazi zote hizo, wa kiti cha magurudumu ndio hata hawezi, watu watapita chini vile wamezoea. Futibriji iachiwe barabara pana za kasi ambazo huwezi kuvuka kwa mguu salama. Mahali pa kivuko angalieni nyayo, ile njia nyasi zimekufa ndio watu wanapita, ukikiweka mita mia mbili kutoka hapo hakuna atakayezunguka. Na steji ikae mbele kidogo ya kivuko, abiria wakishuka wavukie nyuma ya matatu.

Mwalimu_Bahati
Ulizeni kwanza barabara ni ya nani. Sheria ya barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu, KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za miji na KeRRA ya za mashambani, na zingine ziko chini ya kaunti. Barua ikienda kwa mlango usio wake inakaa tu. Ikipokelewa, nakala yako ipigwe muhuri wa tarehe.

Mama_Sukuma
Asanteni sana jameni, nimesoma yote mara mbili na kijana wangu akanifanyia zile hesabu. Kumbe hatukuwa tunasumbua watu.

Tumekubaliana na wazazi, Jumanne na Alhamisi tunahesabu, mimi nahesabu watu, boda wa steji wanahesabu magari, boda tunaziandika kando. Watoto tutawaandika peke yao na dakika waliyovuka. Wamama wawili watazunguka ploti za ng'ambo waulize nani ameacha kuvuka na kwa nini, maana najua wazee watatu hapo ambao siku hizi huniagizia mboga kwa simu. Meza nimeshaisogeza jana, wateja wameniona tu.

Fundi, hayo masaa manne ni lazima yafuatane, ama naweza kuchukua mawili ya asubuhi na mawili ya jioni?

Fundi_Lami
Si lazima yafuatane. Chukua mawili mawili, na saa ya watoto kutoka shule usiiache.