Shamba la shangazi lipo Unguja: nikalime tungule au nibaki na viazi vyangu Isongole?

Mwana_Uporoto:
Wakuu habari za jioni, mugonile nyote. Naombeni ushauri wa kweli maana nimepiga hesabu kwenye simu mpaka kichwa kinauma. Mimi ni dada wa miaka 29, nalima viazi na karoti huku juu Isongole, milima ya Uporoto Mbeya, ekari mbili na nusu za urithi, na misimu miwili hii mzigo wangu anachukua mama mmoja anaupeleka Dar, mwingine unavuka maji mpaka Unguja. Mwezi uliopita nikaenda mwenyewe huko kumsalimia shangazi yangu, kaolewa huko miaka mingi, nikapita soko la Mwanakwerekwe. Jamani. Viazi (wenyewe wanaita mbatata), karoti, kabichi, hoho, nyanya ambazo wao ni tungule, kila ninachoshika nauliza kimetoka wapi naambiwa bara, hii Iringa, hii Lushoto, hii Mbeya. Na bei sio ya soko letu la Mwanjelwa Mbeya kabisa. Nikasema kisiwa kina masika na kina vuli, sisi huku tuna mvua moja tu ya Novemba mpaka Mei, mahoteli yamejaa pwani yote, kwanini wasilime wenyewe mpaka wale nyanya iliyolala barabarani siku mbili?

Sasa shangazi ana shamba la marehemu mumewe upande wa kusini, njia ya Makunduchi, halilimwi, kisima kipo. Kaniambia njoo ulime mwanangu. Ila binamu yangu alijaribu tungule mwaka jana akaambulia ndoo tatu shamba zima. Na mimi kabla sijaondoka niliazima mtaimbo nikachimba, shubiri moja tu nikagonga jiwe, nikasogea hatua mbili jiwe tena, nikasogea nikapata tundu lina udongo mwekundu mzuri lakini ni tundu la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko basi, pembeni yote mawe. Kwangu Isongole unachimba mpaka uchoke hukuti hata kokoto.

Waliolima kule au wanaopeleka mzigo kule naomba mniambie shida hasa iko wapi. Ni udongo, ni maji, ni soko au ni binamu yangu hakujua kulima? Nina akiba ya kuanzia lakini ndio hiyo hiyo, ikipotea nimerudi nyuma miaka mitatu.

Kiwira_mpaka_Kizimbani:
Mdogo wangu mugonile na wewe. Mimi mzaliwa wa Kiwira, Unguja huu mwaka wa 11, nalima na nimeshalia na kulima huku, kwahiyo nakuandikia kama ninavyomwandikia mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza binamu yako usimlaumu. Unguja ni visiwa viwili ndani ya kimoja. Upande wa magharibi na katikati kwenda kaskazini, Kizimbani, Dole, huko kuna udongo wa maana, wenyewe wanauita kinongo, ndiko kwenye mikarafuu na minazi na hizo eka tatu tatu ambazo familia ziligawiwa baada ya mapinduzi ya 1964. Upande wa kusini na mashariki ni maweni, jiwe la matumbawe, kisiwa chenyewe kimetoka baharini. Shamba la shangazi yako lipo maweni. Huko watu hawalimi kwa matuta kama sisi Wanyakyusa, wanalima kwa matundu, unatafuta tundu lenye udongo unaweka mpapai, tundu jingine pilipili, jingine muhogo, jiwe unaliacha lilivyo. Ukienda na mawazo ya mistari iliyonyooka kama ya karoti Uporoto utalia mwezi wa kwanza tu.

Ila lililoniumiza mimi ni maji, na hili ndio nataka ulisome mara mbili. Nilipofika nilikodi kipande huko huko kusini, kisima cha futi kama thelathini, maji matamu, nimeyanywa mwenyewe. Nikanunua pampu ya petroli nikawa navuta asubuhi nzima kila siku, tungule zikapanda vizuri mpaka majirani wanakuja kutazama. Wiki ya nne nikaona ncha za majani zimekauka kama zimeunguzwa na pasi, nikadhani ugonjwa nikapiga dawa, wapi. Halafu juu ya udongo pale maji yanapodondokea pakaanza kuota unga mweupe, nikaulamba kidole, chumvi. Nikaenda kisimani nikaonja, chumvi. Mzee mmoja jirani ndio akanieleza kwamba maji matamu ya huku yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, ukichota kidogo kidogo kwa ndoo unachota ya juu, ukivuta kwa nguvu unaipandisha bahari. Ile pampu ndio iliua shamba langu na niliinunua kwa mkopo.

Nikahamia huku juu kwenye kinongo. Udongo mzuri ila ardhi inaisha, kila mwaka mnazi unakatwa panamwagwa zege, eka tatu ya babu sasa imekuwa viwanja vya wajukuu, na ukikodi mwenye shamba anaweza kukwambia msimu ujao najenga.

Na hoteli usizipigie hesabu haraka. Nilipata moja, siitaji, walitaka tungule saizi moja, kila Jumatatu na Alhamisi, mwaka mzima. Mimi mkulima mmoja nitazitoa wapi mwezi wa pili kaskazi linapovuma joto lile maua yote yanapukutika? Na hela walikuwa wanalipa baada ya siku sitini, mara sabini, na mimi kijana wangu wa kumwagilia anataka hela Jumamosi. Nikaacha.

Sasa hivi nalima tungule wakati wa kipupwe tu, Juni mpaka Septemba, na sizitegemei. Kinachonilisha ni mchicha, mnanaa, bamia na bilingani.

Matenga_ya_Ilula:
Kamwene. Mimi ndio hao mnaowaongelea, napeleka nyanya kutoka Ilula, Iringa, mwaka wa 7 huu, na naomba niseme la moyoni.

Dada unauliza kwanini wasilime wenyewe mpaka wale nyanya ya bara iliyosafiri. Nyanya ya kusafiri inachumwa bado ngumu, ndio kwanza inaanza kubadilika rangi kwenye kitako, tunapanga kwenye tenga, jioni lori linashuka Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, alfajiri Dar, halafu ndio utafute chombo cha kuvusha. Matenga ya chini yanabonyea, yanachuruzika maji, bahari ikichafuka mzigo unalala bandarini na jua la Dar unalijua. Tunapoteza nyingi. Lakini ikifika ile miezi ambayo Ilula yote imeiva kwa pamoja, nyanya inamwagwa pembeni ya barabara, mimi nimeona kwa macho yangu mtu na mke wake wanamwaga tenga la ishirini mtaroni wanarudi nyumbani kimya. Wakati huo mimi hata nikipata nusu bei kule kisiwani ni afadhali kuliko mtaro. Kwahiyo bei ya tungule Mwanakwerekwe siku hiyo haipangwi na gharama ya mkulima wa pale, yeye mbolea yake na mbegu yake vimevuka bahari kwa nauli, vyake ni ghali kuliko vya Ilula. Inapangwa na shida yetu sisi.

Niliwahi kukaa na mkulima mmoja pale sokoni, kaja na matenga mawili kwenye baiskeli, tungule zake zimeivia shambani nyekundu mpaka ndani, tamu kuliko zangu. Nimeshusha mimi akaangalia akaondoka zake hakusema neno. Nimeendelea kumkumbuka mpaka leo.

Sasa hesabu yangu mimi ni hii, chochote kinachokaa kwenye lori siku mbili usikilime kule. Viazi, vitunguu, karoti, kabichi, nyanya, waachie Mbeya na Iringa. Lima kisichopanda lori.

Kijana_wa_Soko_Matola:
Mbona mnamvunja moyo dada wa watu? Si aweke kitalu nyumba na umwagiliaji wa matone, nimeona watu wanavuna nyanya mwaka mzima.

Kiwira_mpaka_Kizimbani:
Kaka hapana kitalu nyumba cha nailoni kama cha Njombe, kule kinazuia baridi, huku joto usiku halishuki, ndani panakuwa tanuri. Huku watu wanaweka neti ya kivuli juu, pembeni wazi upepo upite. Matone sawa, matone ni muhimu sana, yanabana maji. Lakini maji ya chumvi kwenye matone bado ni chumvi.

Bwana_Shamba_Mstaafu:
Nimesoma wote, mmesema ya kweli, niongeze machache maana nimefanya kazi nyanda za juu miaka mingi na nilipelekwa pia pwani.

Binti, kiazi kinapenda usiku wa baridi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 20 mmea unaota majani mazuri mabichi, ukichimba chini unakuta punje. Isongole una baridi ya bure ambayo Unguja haiwezi kununuliwa kwa hela yoyote, ndio maana mbatata itatoka kwetu siku zote. Nyanya nayo usiku wa joto inadondosha maua, siyo uzembe wa mtu.

La pili ni udongo. Kule kwetu Njombe na Iringa sehemu nyingi udongo una tindikali, tunawashauri watu wamwage chokaa. Maweni ni kinyume, sakafu yenyewe ni chokaa. Utaona jani changa limekuwa njano halafu mishipa imebaki kijani, hapo madini ya chuma yamo kwenye udongo lakini mmea hauwezi kuyachukua. Usikimbilie kumwaga mbolea zaidi. Samadi na mboji kwenye kila tundu, na ukilazimika pulizia chuma kwenye majani.

Tatu, ng'oa mche mmoja wa tungule wa mwaka jana kama visiki bado vipo, uangalie mizizi. Ikiwa na vifundo vifundo kama shanga hiyo ni minyoo fundo, kwenye udongo wa kichanga inasumbua mno. Mbegu ya Tengeru 97 inaivumilia. Kanitangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya, naye asiachwe, kagua chini ya majani kila baada ya siku mbili.

Kwa upande wa matunda, kuna yule inzi wa embe ambaye kwa Afrika aligunduliwa kwanza Kenya mwaka 2003 akasambaa kwetu kote. Anataga ndani ya tunda, nje unaliona zima, ukipasua funza. Embe zilizodondoka usiziache chini hata siku moja, okota zote, funga kwenye mfuko wa plastiki uache juani zichemke. Na majirani nao wafanye, la sivyo unawafugia tu. Papai linamudu maweni kuliko matunda mengi.

Mwana_Uporoto:
Wazee wangu na kaka zangu asanteni mno, nimesoma huku nachemsha maji ya mtoto nimejikuta machozi kwenye ile ya baiskeli, maana huenda viazi vyangu navyo vimemrudisha mtu nyumbani hivyo hivyo.

Nimeshampigia shangazi. Viazi na karoti siachi, vinabaki Isongole na mdogo wangu. Kule naanza na robo ya akiba tu, matundu, mnanaa karibu na nyumba, pilipili na papai, tungule mistari miwili ya kipupwe tuone. Na sinunui pampu. Nimemwambia binamu aazime ya jirani siku moja, ajaze chupa moja mwanzo wa kuvuta na nyingine baada ya masaa matatu, aonje zote, halafu anitumie pamoja na udongo wa matundu matatu tofauti nipeleke maabara Uyole.

Alafu nimekumbuka kitu. Nyuma ya jiko la shangazi kuna mpapai umeota kwenye ufa wa jiwe, mwaka wa nne huu, haumwagiliwi zaidi ya maji ya kuoshea vyombo, na nilikula papai lake nikaongeza. Mbegu nilizitema palepale. Kesho namwambia azikusanye.